Kileja Hakingoji Sikukuu

Mimi si mpishi wa shughuli. Panapopikwa biriani la watu mia tatu hutafuta mbuzi nikakaa kitako kukuna nazi, nikawaachia wenyewe masufuria yao. Ninachokijua ni vitu vidogo: vileja, yaani biskuti za unga wa mchele, nankatai, ambazo ni biskuti za Kihindi, biskuti za kastadi, bajia za kunde, na vyakula vya sufuria moja vya kumpelekea mtu aliyechoka. Nilipotoka Wete, Pemba, kuja kufanya kazi mjini Unguja nilipata chumba kwenye majumba ya Michenzani, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na sikuwa namjua mtu zaidi ya salamu za ngazini. Jioni moja nilipika vileja, nikabisha hodi mlango wa pili, nikatoa sahani. Kesho yake sahani ikarudi na katlesi. Usuhuba wetu ulianzia hapo, na wengine wawili walioongezeka baadaye, mmoja mwalimu wa skuli na mmoja muuguzi, waliingia kwa mlango huohuo wa sahani.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ni desturi nzuri, ila ina uzito wake ambao watu hatupendi kuusema. Ukimpelekea mtu pilau ya nyama na kachumbari na ndizi juu yake, umempa chakula na umempa na mtihani: naye atatafuta cha kukirudishia, na kisipungue. Jirani mmoja wa ghorofa ya juu, mumewe hakuwa na kazi wakati ule, alikaa na sahani yangu mpaka nikaisahau. Alipoirudisha alikuwa ametia ndimu mbili, na hakunitazama usoni. Toka siku ile nikapunguza mambo ya sahani. Nakunja karatasi, natia vileja sita au saba, nampa mtoto mkononi: "Mpelekee mama, mwambie nilikuwa najaribu moto tu." Karatasi hairudishwi. Mpokeaji anakula, anashukuru, anasahau, na akisahau ndiyo raha yangu.

Hiyo pia ndiyo sababu sipendi biskuti zisubiri Idi. Kumi la mwisho la Ramadhani kila nyumba inaoka, kila nyumba inapeleka na kila nyumba inapokea, na mwisho wake siku ya sikukuu unakaribishwa mahali pa saba ukiwa huwezi tena kumeza. Kileja cha Jumanne ya kawaida, saa kumi ya jioni, mtu ametoka kazini na miguu inamuuma, hicho ndicho kinachokumbukwa.

Sasa vileja vyenyewe. Unga wa mchele siku hizi unauzwa umeshasagwa, pale Darajani utaupata bila taabu, lakini bibi yangu mzaa mama alikuwa akiroweka mchele usiku, asubuhi anauweka kwenye ungo ujichuje maji, kisha anautwanga ungali na unyevunyevu na kuuchekecha. Unga wa namna hiyo unatoka laini kuliko wa dukani, na mtu mwenye nafasi hajapoteza kitu akihangaika nao. Vipimo vyangu ni nusu kilo ya unga, robo kilo ya samli, robo kilo ya sukari iliyosagwa, mayai matatu, na hiliki kijiko kidogo cha chai. Hiliki naitwanga pamoja na sukari kidogo, kwa sababu peke yake inarukaruka kinuni na haitulii. Punje za sukari ndizo zinazoisaga.

Samli naipasha mpaka iwe moto kweli, naimimina juu ya unga, nachanganya kwa mwiko, halafu naondoka. Naenda kufua, naenda kusali, naenda kuzungumza barazani. Lazima ule unga upoe kabisa kabla ya mayai kuingia, la sivyo mayai yanaiva mlemle ndani na unabaki na chengachenga zisizoshikana. Ukishapoa natia mayai yaliyopigwa pamoja na sukari na hiliki, nakanda kidogo tu, naviringa madonge madogo, nayabonyeza, na katikati natia nukta ya zafarani iliyorowekwa. Moto nyuzi 180, robo saa mpaka dakika 20. Usingoje vibadilike rangi. Juu vibaki vyeupe, chini viguse udhahabu kidogo tu. Kileja kilichokuwa cha kahawia kimeshaacha harufu yake ndani ya oveni.

Kisha usiviguse. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano unaoitwa gluteni, kwa hiyo kinachokishika kileja ni samli na yai basi. Kikitoka motoni samli ingali maji, ukikinyanyua kinamwagika. Kiache hapohapo kwenye trei mpaka samli igande. Mwalimu wetu hana subira hiyo, yeye huja na kijiko.

Ni yeye pia aliyetuletea mapishi ya kwenye simu, yale ya biskuti za siagi na vipande vya chokoleti. Alizipika mwezi wa Februari, Kaskazi linavuma na jikoni hapakaliki, na trei ikatoka ina biskuti moja tu, kubwa, ya umbo la trei. Tuliila, na ilikuwa tamu, lakini tukakaa kutafuta sababu. Siagi ina maji ndani yake, karibu gramu 16 katika kila 100, na inaanza kulegea na kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 30 na kitu, yaani joto la jikoni kwetu mchana wa kawaida wa miezi ile. Unga ulikuwa umeshakuwa rojo kabla haujaingia motoni. Samli imekwisha kuchemshwa, maji yake yametoka, na unga wake unastahimili zaidi mkononi. Bibi yangu hakuwahi kusikia habari ya gramu 16, lakini hakuwahi kuoka biskuti moja ya umbo la trei. Ukishikilia siagi, kanda baada ya sala ya alfajiri, weka unga kwenye friji mpaka ugande, na uoke jua halijapanda. Mwalimu sasa anafanya hivyo na zinamtokea vizuri sana, ingawa bado naona chokoleti inameza kila ladha nyingine.

Masika ni shida ya namna nyingine. Sukari inavuta unyevu, na hewa ya Aprili ina unyevu wa kutosha kuivutia. Biskuti iliyoachwa wazi tangu adhuhuri, Magharibi imeshalegea. Dawa ni bati lenye kifuniko kinachobana, lile la maziwa ya unga likioshwa na kukaushwa juani linafaa kuliko vyombo vingi vya kununua. Usichanganye humo mkate wa mayai au keki, maana unyevu wake wote utahamia kwenye biskuti. Na zikilegea usizitupe: zirudishe motoni dakika chache, ziache zipoe, zitarudi kama mwanzo.

Biskuti za kastadi ndizo rahisi kuliko zote, na kwa mtu anayeanza ningemwambia aanzie hapo. Kile kikopo cha unga wa manjano kimo karibu katika kila duka la mtaani. Mkemia mmoja wa Birmingham, Alfred Bird, ndiye aliyeutengeneza unga huo mwaka 1837 kwa sababu mkewe alikuwa hawezi kula mayai yakamkubali. Ni wanga wa mahindi na rangi, yai hamna. Ndani ya biskuti wanga huo unaipunguzia ngano mnato, ndiyo maana biskuti yake inamumunyika mdomoni bila kutafuna sana. Kikombe kimoja cha kastadi kwa vikombe vitatu vya unga wa ngano, samli, sukari, yai moja kama utapenda, bekin pauda kidogo. Sikukuu ikikaribia tunazipitisha kwenye ile mashine ya mkono ya kusagia nyama, iliyofungwa kibati cha matundu ya mistari, mmoja anazungusha mpini na mwingine anakata. Mashine hiyo mtaani huwa nayo nyumba moja au mbili, na zamu yake inagombewa. Nimeshuhudia watu wazima wakinuniana kwa ajili yake.

Nankatai sina mengi ya kusema. Asili yake ni Gujarat, India, watu huutaja mji wa Surat, zilikuja na Wahindi na zikabaki. Tia suji, yaani ngano iliyosagwa chengachenga, kidogo ndani ya unga uone tofauti.

Kuna jambo moja nililolipata kwa sababu ya umeme, au tuseme kwa kukosa umeme. Mei 2008 umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa karibu mwezi mzima gizani. Haikupita miaka miwili ukakatika tena, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ndugu zangu wa Pemba, ambao mpaka mwaka 2010 ulipofika waya wa kutoka Tanga walikuwa wakiishi na majenereta na mgao wao, walinipigia simu kunipa pole huku wanacheka. Oveni yangu ikawa kabati la kuwekea sufuria. Vikao vyetu vya chai ya jioni vilikuwa vinakufa, mpaka bi mkubwa mmoja wa nyumba ya chini aliponiita. "Mwanangu, oveni unayo, hujaijua tu."

Alichukua sufuria kubwa nzito, akatandaza mchanga mkavu chini, akaweka vijiwe vitatu, juu ya vijiwe kisahani cha bati chenye vileja, akafunika kwa kifuniko cha bati kisicho na mpini. Seredani ikatiwa makaa machache yaliyokwisha kushika, na mengine mengi akayapalia juu ya kifuniko, vilevile tunavyopalia wali. "Juu mengi, chini machache," ndiyo maelezo yote niliyopewa, na hayakuhitaji kuongezwa. Chini mchanga unausambaza moto usiunguze, juu makaa yanafanya kazi ya kuoka. Vinatoka vichache kwa mpigo, na lazima mtu akae hapo asibanduke, lakini vina harufu ambayo oveni ya umeme haitoi. Tulikuwa tunakaa ukumbini kwake, taa ya chemli katikati, tunangoja mpigo wa pili, na nadhani mambo mengi tunayoyajua sisi wanne kuhusu maisha ya mwenzetu tuliambiana katika kungojea huko. Umeme uliporudi tuliendelea kwenda kwake. Akawa anatufukuza saa ya Isha.

Biskuti zina mpaka wake lakini. Hilo lilinidhihirikia muuguzi wetu alipofiwa na mama yake. Msibani kwetu nyumba ya wafiwa haikoki moto. Majirani wanapika, masinia yanaingia na kutoka, na siku tatu zile hakuna anayelala na njaa. Hitma ikishasomwa watu wanaondoka, majamvi yanakunjwa, na ndipo njaa yenyewe inapoanza. Nilimkuta wiki iliyofuata, amerudi kazini, anakunywa chai kavu mchana na usiku. Kumpelekea mtu wa hali ile biskuti ni kumwongezea chai. Nilipika mseto.

Mseto ni chakula cha kitoto na cha mgonjwa, na hakuna anayeuweka mbele ya mgeni wa heshima, pengine ndiyo maana unamfaa mtu asiyetaka kuheshimiwa bali kulishwa. Choroko kikombe kimoja, mchele vikombe viwili. Choroko nazichagua, nazichemsha mpaka zianze kupasuka, natia mchele uliooshwa na tui jepesi na chumvi, ukikaribia kuiva namimina tui zito, napunguza moto na kufunika mpaka ushikane. Usiwe mkavu. Kando yake kipande cha samaki wa kukaanga, na achari ya ndimu kwa anayetaka kuuchangamsha mdomo. Niliupeleka na sufuria yake, nikakaa, tukala kwa mkono kutoka chombo kimoja. Sikuuliza "unaendeleaje", maana alikuwa ameshaulizwa na kila mtu wa wodi yake. Alikula, akaniambia mama yake alikuwa akiutia kitunguu maji kilichokaangwa juu, nikamwambia kesho nitautia. Ikawa kesho, na keshokutwa. Mseto hauchoshi mfuko, kwa hiyo unaweza kuupika tena na tena bila kuhesabu, na mtu aliyefiwa anahitaji huo wa tena na tena kuliko karamu moja.

Rafiki yetu wa nne, yule wa mlango wa pili, aligunduliwa ana kisukari. Mwanzoni tuliendelea kumletea vileja "kimoja tu, bi, kimoja hakikudhuru", na alikuwa akila kwa kutuonea haya. Aliyetukataza ni muuguzi, na kwa ukali: unga wa mchele wenyewe unapandisha sukari ya damu haraka, hata ungepunguza sukari ya kikopo, na biskuti za tende nazo tusijidanganye kwa kuwa tende ni sunna. Ndipo tukahamia bajia za kunde. Kunde zinarowekwa usiku, zinasuguliwa maganda yatoke, zinasagwa bila maji mengi pamoja na kitunguu thomu, pilipili mbichi, chumvi na kotmiri, zinapigwa kwa mkono mpaka zijae hewa, kisha zinadondoshwa kwenye mafuta ya moto. Kunde zinamkalia tumboni na hazimrushi sukari vile. Mafuta yana habari yake, najua, lakini hatuzili kila siku. Siku hizi kikao kikiwa kwangu bajia ndizo zinazoanza, na ajabu ni kwamba sasa wote wanne tunazipenda kuliko vitu vitamu, isipokuwa mwalimu.

Watu wakisikia natoka Pemba hunitarajia nitie karafuu katika kila kitu. Karafuu ndiyo iliyotulea. Nimekulia juu ya majamvi yake, nimechambua makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi, na sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka kwetu. Lakini katika biskuti naiogopa. Ile yujinoli iliyomo ndani yake ndiyo inayotia ganzi jino linalouma, na ukizidisha hata kidogo tu inautia ganzi ulimi, usionje tena hiliki wala samli. Karafuu nzima mbili katika chai ya maziwa zinatosha, na biskuti ziachwe na hiliki yao.

Kila nikienda nyumbani nachukua bati la vileja kwa mama, na kuvisafirisha ni elimu peke yake. Kileja kinavunjika hata kikitazamwa vibaya, na boti ikishapita Nungwi, hasa miezi ya Kusi, kila kilicholegea kinatikisika. Navipanga kwa ubavu, tabaka kwa tabaka, karatasi katikati, na kila upenyo naujaza kashata za nazi, ambazo ni ngumu na hazina malalamiko. Bati likijaa sawasawa halitoi mlio ukilitikisa. Likitoa mlio, ongeza kashata. Silitii kwenye mizigo, nalipakata mapajani mwendo wote mpaka bandarini Mkoani, na pale huanza mtihani mwingine. Wachukuzi wa pale wanaijua harufu ya hiliki kuliko wanavyonijua mimi. "Bibie, humo mna nini?" Nikisema nguo hawaamini, nikisema vileja nafunguliwa bati. Kwa hiyo nimeanza kubeba na kifurushi cha pembeni, cha karatasi, cha bandarini peke yake, na kingine cha dereva wa gari ya Wete, kwa sababu yeye husimama Chake kungoja abiria na akishapewa vileja hangoji sana.